Wakongwe Kumi na Mmoja wa Jenerali Walumbe

Bi Ummukulthum Sufian aliihesabu safu ya nyuma kwa ncha ya penseli mara ya nne, na mara ya nne akapata watu kumi na mmoja.

"Wamezidi?" aliuliza Muhsin.

"Hawajazidi wala hawajapungua. Hebu nyamaza nitizame."

Kunyamaza ni kazi ambayo Muhsin hakuiweza. Alikuwa wakili, kijana wa Kizanzibari wa miaka thelathini na tatu, na ofisi yake ya chumba kimoja ilikuwa juu ya mkahawa wa Waarabu pale Edgware Road, mahali ambapo kila faili lilinuka nyama ya kuchoma. Picha ilikuwa mezani, chini ya taa. Leo Jumatatu; shauri lilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi.

Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, kubwa kama sinia dogo. Katikati, juu ya kiti cha mbao, alikaa Jenerali Walumbe, fimbo mapajani na miwani myeusi usoni, mtu aliyechoma vijiji vya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo na bado akapata nafasi ya kupiga picha. Nyuma yake walisimama wakongwe wake, wanajeshi waliokuwa naye tangu alipoingia msituni. Mgongoni mwa karatasi mtu alikuwa ameandika: Agosti 1999. Na yule wa kumi na mmoja, mwisho kulia, alikuwa Déogratias Wilondja, mwalimu wa zamani, mkazi wa Croydon, mteja wa Muhsin.

Balaa lilianzia hapo. Déogratias alipoomba hifadhi Uingereza mwaka 2001 alisema hajawahi kushika bunduki, na kwamba Walumbe ndiye aliyemkimbiza kwao. Miaka ikapita. Mwaka huu picha za vita zikatundikwa kwenye maonyesho hapa hapa London, mtu asiyejulikana akaandika barua, na serikali ikamtaka mwalimu aeleze anafanya nini nyuma ya kiti cha Jenerali. Kati ya mwaka 1998 na 2001 alikuwa akitangatanga Zambia na Malawi bila karatasi yoyote, kwa hiyo hakuwa na cha kuonyesha. Akishindwa Alhamisi, angenyang'anywa ruhusa ya kuishi na kurudishwa, akiwa na miaka sabini na moja, kwenye nchi ambako wapo watu wasiosahau picha kama ile.

Kabla ya kuwa mpelelezi wa mawakili, Bi Kulthum alikuwa mkalimani wa mahakama za uhamiaji kwa miaka kumi na minne. Kazi ile ilimwachia tabia moja tu: hakumwamini mtu, na alianza na mteja. Ijumaa alikuwa amekaa na Déogratias saa nzima.

"Ni wewe huyu?" alimuuliza.

"Sikuwa pale, Madame."

"Sijakuuliza ulikuwa wapi, Papa Déo. Nakuuliza kama sura hii ni yako."

"Sikuwa pale," alisema mzee, akaigeuza picha kifudifudi kabla hata hajaitazama vizuri. Kisha akaomba jambo moja, na aliliomba kwa haraka. "Mke wangu musimuite. Moyo wake haiko muzima."

Mtu anayesingiziwa huikodolea macho picha inayomsingizia mpaka yamuume. Huyu aliigeuza. Bi Kulthum aliondoka na hakika kwamba mzee anaficha kitu, na hakika hiyo ilimuudhi, maana alikuwa ameshaanza kumhurumia.

"Njoo," alimwambia Muhsin sasa, akampa kioo cha kukuzia. "Nitajie unachokiona. Unachokijua kiache."

Muhsin aliinama. "Namuona Jenerali. Nawaona wanajeshi. Namuona client wangu, natamani nisingemuona."

"Jua liko wapi?"

"Jua?"

"Jua, mwanangu. Lile la mbinguni. London limekusahaulisha?"

Muhsin alisogeza kioo kutoka uso mmoja hadi mwingine. "Liko mbele yao. Wamekunja nyuso."

"Wote?"

Kioo kilirudi mwisho kulia. "Client hajakunja," alisema Muhsin. "Katoa macho. Kama yumo ndani ya nyumba."

"Na masikio yake yote mawili yako nje, na shingo kainyoosha, na shati kalifunga vifungo mpaka kooni. Wenzake wote wameachia. Nani akapiga picha na rafiki zake akakaa hivo?"

"Passport size," alisema Muhsin polepole.

"Haya. Mikono sasa. Mtizame wa tatu kutoka kushoto, halafu umrudie huyu wako."

Mtu wa tatu alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, na ncha moja ya kitambaa ilikuwa imening'inia. Mtu wa kumi na mmoja naye alikuwa na kitambaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Fundo lilikuwa lile lile na ncha ilining'inia vile vile.

"Watu wawili," alisema Bi Kulthum, "kidole kimoja."

Muhsin aliruka. "Imebandikwa! Mwili wa mtu mwengine, kichwa cha client! Bi Kulthum, case imekwisha!"

"Case haijaanza. Aliyebandika kabandika kwa sababu gani? Na kichwa cha mwalimu kakipata wapi?" Aliigeuza picha. Chini ya tarehe palikuwa na muhuri uliofifia, wa mviringo: Studio Prabhat, Kigoma. "Wahindi wa Kigoma waliohamia London hawatimii mitaa miwili. Nipe simu yako, yangu haina moto."

Simu tatu zilitosha.

Saa sita na nusu alikuwa Ilford, amelowa mvua, nyumbani kwa Mama Pramila, mjane wa mwenye studio, bibi wa miaka sabini na tisa aliyekuwa akichambua majani ya uwatu kwenye ungo huku miguu ameielekeza kwenye kipasha joto. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma kitupu. Aliipokea picha, akavaa miwani juu ya miwani, akaitazama. Hakuwatazama watu. Alitazama kingo.

"Kazi yangu hii," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Mume wangu alikuwa anapiga. Kukata, kubandika, kupaka rangi kwa brashi, mimi. Halafu tunaipiga picha upya, mshono unapotea." Akaisogeza karibu na pua. "Alaa! Kidole!"

"Kidole, mama."

"Mwili niliutoa kwenye picha nyingine ya filamu ile ile. Sikuona kama ni jamaa mmoja. Zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyenikamata, umekuja wewe na mvua yako." Alikuwa amekasirika kweli, na hasira ilikuwa juu ya kidole, si juu ya mwalimu. Bi Kulthum alimpenda hapo hapo, akaona ni vyema asimwonyeshe.

"Nani alikuagiza?"

"Kaa nikueleze. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa hakuna studio inayofanya kazi, vita. Watu wa Walumbe walikuwa wanaleta filamu kwetu kwa boti. Kila mwezi wa nane wakongwe wanapiga picha na Jenerali. Sasa, waliokufa mwaka ule wanaongezwa nyuma. Jenerali alitaka safu yake ijae, hakutaka ionekane inapungua. Nilibandika marehemu wengi mno, binti yangu. Na sisi wenyewe tulikuwa tunafanya hivyo kwenye familia zetu, baba kafa kabla ya harusi, unamweka nyuma ya bibi arusi. Haikuwa ajabu."

"Na picha ya marehemu inatoka wapi?"

"Analeta mjane. Tena mjane alikuwa na haja nayo. Wajane wa Walumbe walijaa Kigoma, kulikuwa na stoo karibu na stesheni ya reli, wanapewa unga kila mwezi. Daftari la majina liliungua ng'ambo, kwa hiyo karani alitumia picha. Mume wako yumo kwenye safu, unapimiwa. Hayumo, nenda zako."

Bi Kulthum aliacha kuandika. Jambo lililoonekana zuri asubuhi lilikuwa limegeuka. Kama walioongezwa walikuwa wakongwe waliokufa, basi kubandikwa hakukumwokoa Déogratias hata kidogo. Kulikuwa kumemtia jeshini kwa gundi.

"Ungeweza kumbandika mtu asiye mwanajeshi?"

"Mjane alikuwa anaapa mbele ya wakongwe wenyewe kwanza. Akishaapa anakuja kwangu. Mimi nilikuwa na mkasi, binti yangu. Sikuwa na Biblia wala Msahafu."

"Huyu wa mwisho unamkumbuka nani alimleta?"

"Sura za watu sikumbuki. Picha ndizo ninazokumbuka." Bibi alinyanyuka kwa kuugulia, akaingia chumbani, akarudi na kopo la bati la biskuti. Ndani mlikuwa na bahasha nyingi, na kila bahasha ilikuwa na picha ndogo ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. "Mume wangu alisema nitupe. Nitatupaje uso wa mtu?"

Ilikuwa bahasha ya thelathini na kitu. Déogratias Wilondja, miaka arobaini na kitu, macho wazi, masikio nje, shati limefungwa mpaka kooni. Nyuma ya bahasha kulikuwa na maneno ya penseli kwa mwandiko wa Pramila: Mama Asukulu, wa Agosti. Hajarudi.

"Utatia sahihi maelezo haya, mama?"

"Nitatia. Lakini andika kwamba kidole kilikuwa cha haraka. Siku ile nilikuwa na homa."

Nje, katikati ya maduka ya sari na makoti ya msimu, Bi Kulthum alimpigia Muhsin.

"Mteja wako ana mke mwengine."

"Subhana Allah. Nani?"

"Mama Asukulu. Mkewe wa Croydon ni Eufrasia, Mama Riziki, na Riziki ndo binti yao mkubwa, sio? Mwanamke huitwa kwa mwanawe wa kwanza. Basi huyu Asukulu ni mtoto wa nani? Mwanamke mwengine kaenda mbele ya wakongwe wa Walumbe, kaapa kwamba Déogratias alikuwa mumewe na alikufa mwanajeshi. Na mzee analijua hilo. Ndo maana hataki mkewe aitwe."

"Serikali wakimpata huyo mwanamke kabla yetu..."

"Wametuzika. Ndio."

"Tufanyeje?"

"Wewe tafuta simu za wazee wa Kikongo, uwaulize Mama Asukulu ni nani. Mimi nasoma faili tena, tangu ukurasa wa kwanza."

Alilisoma kwenye treni ya Elizabeth line, amekaa kando ya mtu aliyelala mdomo wazi. Hadi siku ile alikuwa ametumia muhtasari wa Muhsin, ambao ulitaja mke mmoja na mabinti wawili, Riziki na Mapendo. Mahojiano kamili ya mwaka 2001 yalikuwa nyuma kabisa, nakala iliyofifia, mwandiko wa afisa ambaye bila shaka alikuwa na njaa. Swali la kumi na nne: watoto. Hapo palikuwa na majina matatu.

Asukulu, mwana, alizaliwa 1981. Aliuawa Oktoba 1998, mjini Baraka, na askari wa Walumbe.

Bi Kulthum alifunga faili akalifungua tena. Lilikuwa kosa la kijinga na lilikuwa lake mwenyewe, yeye ambaye kwao Pemba alimjua shangazi mzima aliyebadilishwa jina hivyo hivyo. Mtoto wa kwanza akifa, watu humhurumia mama wakaacha kumwita kwa jina linalomchoma, wakahamia kwa anayefuata. Mama Asukulu hakuwa mke mwingine. Alikuwa Mama Riziki kabla hajazoea kuitwa hivyo.

Basi Eufrasia ndiye aliyepeleka picha. Na kama Asukulu aliuawa na watu wa Walumbe, Eufrasia alikwenda kuapa mbele ya waliomuulia mwanawe, hata mwaka haujaisha. Hapakuwa na mtu London nzima aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kukaa kimya.

Alimwandikia Muhsin ujumbe: Acha kuwatafuta wazee. Nakwenda Croydon.

Fleti ya Wilondja ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya njia ya tramu, na dirisha lake lilitazama majengo marefu ya ofisi, mojawapo likiwa lile la uhamiaji ambalo kila mgeni wa Croydon hulijua kuliko anavyolijua kanisa lake. Saa tisa alasiri. Eufrasia alifungua mwenyewe, mwanamke mrefu wa miaka sitini na sita, aproni kiunoni. Déogratias alikuwa sebuleni na gazeti. Alipomwona mgeni alisimama.

"Madame, nilisema..."

"Nimekuja kuomba maji ya kunywa tu, Papa Déo. Kaa."

Alimfuata mama jikoni akarudisha mlango. Eufrasia alimpa maji, akarudi kwenye kitunguu chake.

"Mama Riziki," alisema Bi Kulthum, "hii picha ya Jenerali umeshaionyeshwa na mtu yeyote?"

"Hapana. Papa Déo hataki nione."

"Hujawahi kuiona?"

"Wapi?"

"Basi nikuite Mama Asukulu, pengine utakumbuka."

Kisu kilisimama. "Ile jina nani alikupa?"

Bi Kulthum aliweka picha ndogo kando ya ubao wa kukatia. Eufrasia aliitazama muda mrefu. Alifuta mikono kwenye aproni, mmoja kisha wa pili, na hakuigusa.

"Uliitoa wapi?"

"Kwa Mama Pramila wa studio. Siku hizi yuko Ilford. Alikungoja uichukue."

"Niliogopa kurudi," alisema Eufrasia. Akavuta stuli akakaa, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini ya mtu anayesikilizia ukuta. "Tulifika Kigoma mwezi wa saba. Kwenye kambi wakasema uandikishaji imefungwa, tungoje. Niko na watoto wawili. Mapendo ananyonya na maziwa haiko. Papa Déo mi najua amekufa, watu waliniapia waliona mwili. Mwanamke mmoja akasema, kuna unga kwa wajane wa Walumbe."

"Ukaapa."

"Mbele ya wanaume wanne. Nikasema bwana wangu alikufa akipigania Jenerali."

"Walikuamini hivi hivi?"

"Nilitaja majina ya milima. Nilitaja siku ya vita. Mwanamke wa kule anajua vita yote, inapita mu mlango yake." Alikunja upindo wa aproni. "Mmoja wa wale wanne nilimjua sura, Madame. Alikuwa mu lile kundi ile siku ya Asukulu. Yeye ndiye alinipimia unga, na mkono yake."

Bi Kulthum alikuwa amesikia mengi katika vyumba vya mahakama na alijifunza zamani kutobadilisha uso. Safari hii ilibidi anywe yale maji.

"Kwa muda gani?"

"Miezi saba. Mpaka kambi ikafungua. Nikaacha foto pale pale, nikabadilisha jina, nikasema ile Mama Asukulu amekufa."

"Na mwaka 2005, ulipojua mumeo yu hai ukaja kumfuata, fomu ilikuuliza kama umewahi kupokea msaada wa jeshi lolote."

"Niliandika hapana."

"Basi nikwambie kitu kama kilivyo, nisikufiche. Mama Pramila atasema mumeo aliongezwa baadaye. Hiyo haitoshi. Watasema aliongezwa kwa sababu alikuwa mwenzao, na mkewe aliapa. Mtu mmoja tu duniani anaweza kusema kiapo kilikuwa cha uongo. Ukisema, na picha hii na bahasha yake zikawa nyuma yako, watakuamini. Mumeo atabaki. Lakini ile fomu itakugeukia wewe. Pengine watakusamehe, mimi siwezi kukuahidi."

"Fomu si kitu," alisema Eufrasia. "Wanifukuze. Nitasema kwa judge, nitasema kwa Malkia."

"Malkia kafa."

"Kwa mufalme basi. Lakini yeye," akaelekeza kidevu mlangoni, "yeye atoke nje nikisema. Asisikie nilikula mu mkono ya wale watu. Asukulu alikuwa roho yake. Atanitazamaje?"

"Alhamisi atakuwa amekaa mbele yako, na kila neno litasomwa kwa sauti."

"Basi mutafute njia ingine."

"Njia ingine hakuna, dada yangu."

Mlango ulifunguka bila kubishwa. Déogratias alikuwa amesimama pale, gazeti mkononi, na Bi Kulthum hakuweza kujua amesimama kwa muda gani.

"Kule nilikuwa na foto moja tu mu maisha yangu yote," alimwambia mkewe. "Nilikuachia wewe. Ile barua ya serikali ilipofika mwezi wa sita na picha ya Jenerali ndani, niliona kichwa ni ile foto."

Eufrasia alishika meza. "Ulijua?"

"Nilijua foto. Sababu sikujua."

"Na hukuuliza?"

Mzee alitazama sakafu. Kuna wanaume wanaoweza kusimama mbele ya bunduki wakashindwa na sentensi moja, na huyu alikuwa karibu kuwa mmoja wao. "Nilifikiri mwanajeshi fulani wa Walumbe alikuchukua. Alitaka watu waone mume amekufa, akaweka foto yangu pale. Nikasema afadhali wanirudishe kuliko kuuliza."

Basi hicho ndicho alichokuwa akikificha Ijumaa. Bi Kulthum alikuwa ameona uongo na alikuwa sahihi, ila hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba mtu anaweza kukubali kufukuzwa nchi nzima ili asipate jibu la mkewe.

"Tangu mwezi wa sita," alisema Eufrasia, na sasa sauti ilipanda, "unakaa kwenye meza yangu, unakula chakula yangu, na unafikiri vile?"

"Nilikula," alikiri mzee.

"Na unaongeza!"

"Niliongeza, ndiyo."

Tramu ilipita chini. Bi Kulthum alitoa kompyuta yake ndogo kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya jikoni kati ya vitunguu na picha, kwa sababu alijua kutoka kazini kwamba saa kama ile ikiachwa ipoe, haiandikiki tena. "Mama Riziki, nitaandika kwa Kiswahili unavyosema, kisha nitafsiri, kisha nikusomee yote mawili. Ukitaka kuacha, tunaacha."

"Usitie sahihi," alisema Déogratias. "Eufrasia. Watakufukuza wewe. Mimi niko muzee, wanirudishe tu. Wewe kaa na watoto."

"Ulinyamaza miezi mitano kwa kitu haikuwepo," alisema mkewe. "Sasa nyamaza kidogo kwa kitu iko."

Akaanza. Alisema jina lake, la baba yake, na la kijiji. Alisema Oktoba 1998, nyumba, na mlango uliovunjwa, na walikuwa wangapi. Alipofika kwa Asukulu alisema alivyovaa siku ile, ingawa hakuna aliyemuuliza, na Bi Kulthum aliandika hata hilo. Alisema boti, Kigoma, lango la kambi lililofungwa. Alisema kiapo chote, neno kwa neno, kama alivyokiapa, na alipokisema alikuwa amefumba macho. Alisema mtu aliyempimia unga. Wakati wote huo Déogratias alikuwa amesimama pale mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.

Saa kumi na moja kasoro Bi Kulthum alimaliza kumsomea, Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Mashine ndogo ya kuchapia ya Riziki ilitoa kurasa nne. Alitafuta kalamu.

"Kuna cha kuongeza au kupunguza?"

"Hapana," alisema Eufrasia.

"Niko na swali," alisema Déogratias.

Eufrasia alikaza shingo. Bi Kulthum alimwona akijiandaa, kama anavyojiandaa mtu anayejua pigo linatokea upande gani. Mzee aliachia fremu ya mlango, akaingia jikoni, akakaa kwenye stuli mbele ya mkewe ili asizungumze naye kutoka juu.

"Ile unga," alisema. "Watoto walishiba?"

Eufrasia alimtazama.

"Walishiba."

"Wote wawili? Kila siku?"

"Kila siku. Mapendo alinenepa."

Déogratias aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Bi Kulthum, akazisukuma zile kurasa nne kuelekea kwake.

"Madame," alisema, "andika na hiyo."